Hesabu Usiku Kwanza: Namna ya Kuweka Akiba ya Umeme wa Jua

Watu wengi wanaoweka sola nyumbani huanza na paa. Wanapima paneli ngapi zitaenea, wanauliza bei, kisha pesa iliyobaki ndiyo inayonunua betri. Miezi michache baadaye taa zinazimika saa tatu usiku, mchana jua linawaka bila wa kulitumia, na lawama zinamwangukia fundi. Mara nyingi paneli hazina kosa lolote. Jua huwaka mchana, watu hurudi nyumbani jioni, na mfumo mzima unategemea kiasi kinachoweza kubebwa kutoka alasiri hadi alfajiri. Kwa hiyo anza na usiku. Ukishaujua usiku wako, betri haitakusumbua kuichagua, na paneli zitafuata.

Kabla ya kushika kalamu, jiulize akiba hiyo ni ya kazi gani. Yuko anayeishi mahali ambako nguzo hazijafika, naye anahitaji umeme kila usiku, mwaka mzima. Yuko mwenye LUKU, yaani umeme wa gridi wa kulipia kabla, ambaye umeme humkatikia saa mbili tatu, leo upo kesho haupo. Hawa wawili hawafai kununua betri ya aina moja, kama tutakavyoona. Na kuna hali ya tatu ambayo betri ya nyumbani haiiwezi. Desemba 2009 Unguja ilipoteza umeme unaotoka Bara kupitia chini ya bahari, na kisiwa kikakaa bila umeme wa gridi hadi Machi 2010. Hoteli ziliishi kwa jenereta, na wananchi wengi wakarudi kwenye mishumaa na kandili. Betri hupimwa kwa saa. Kwa wiki na miezi unahitaji chanzo kingine cha umeme, iwe ni paneli za kutosha au jenereta. Anayekuuzia betri kwa ahadi kwamba hutaona giza tena hajakueleza ukweli wote.

Usiku wako una yuniti ngapi

Achana kwanza na ampea na volti. Hesabu kwa yuniti, zile zile unazonunua kwa tokeni. Yuniti moja ni wati 1,000 zilizotumika kwa saa moja. Kifaa cha wati 100 kikikaa saa kumi kimekula yuniti moja, na pasi ya wati 1,000 inaila yuniti hiyo hiyo kwa saa moja tu.

Chukua daftari, zunguka nyumba nzima jioni, andika kila kinachowaka kuanzia jua linapozama hadi linapochomoza. Soma wati kwenye kibandiko nyuma ya kifaa, zidisha kwa saa. Tuchukue nyumba ya kawaida mjini Dodoma. Taa 6 za wati 7, saa 5: wati-saa 210. Taa ya nje ya wati 9, usiku kucha: kama 110. Runinga na king'amuzi, wati 65 kwa pamoja, saa 4: 260. Feni ya wati 50, saa 8: 400. Kifaa cha intaneti cha wati 10, saa 13: 130. Simu za watu wanne: 50.

Friji ndiyo inayowapotosha wengi, kwa sababu kompresa huwaka na kuzima, na kibandiko hakisemi inawaka kwa saa ngapi. Usikisie. Nunua kile kipimo kidogo kinachochomekwa kwenye soketi, kiache na friji kwa siku nzima, usome kilichoandikwa. Kama huna, usiku mmoja zima kila kitu isipokuwa friji, soma mita kabla ya kulala na usome tena asubuhi. Tuseme friji yako inakula yuniti moja kwa siku. Nusu yake, wati-saa 500, ni ya usiku.

Jumla ni wati-saa 1,660. Inveta nayo hula sehemu yake, karibu asilimia 10, hivyo betri itatakiwa kutoa kama yuniti 1.85. Andika namba hiyo kwa kalamu nzito, maana maamuzi yote ya mbele yanatoka hapo.

Sasa tazama tena orodha hiyo. Feni na friji zimekula zaidi ya nusu ya usiku. Taa sita, ambazo ndizo watu huzilalamikia, ni sehemu ndogo tu. Ukibadilisha feni hiyo kwa feni ya mota ya umeme wa moja kwa moja, nyingi zikiwa za wati 20 hadi 30, umeokoa karibu umeme wote unaowasha zile taa sita. Kila yuniti unayoipunguza usiku ni betri usiyoinunua, paneli usiyoipandisha na waya usioutandaza. Hakuna teknolojia ya kuhifadhi umeme iliyo rahisi kuliko hiyo.

Hamisha kazi ije mchana

Njia ya pili ya kuweka akiba haihitaji betri kabisa: tumia umeme wakati upo, uweke akiba ya kazi iliyokwisha kufanyika. Pasi, mashine ya kufulia, blenda, mashine ya kusaga na kuchaji taa za mkononi, vyote viingie kati ya saa nne asubuhi na saa tisa alasiri, jua likiwa juu.

Pampu ya maji ndiyo mfano mzuri kuliko yote. Kupandisha lita 5,000 kwenye simtanki lililo juu mita 10 kunataka takriban theluthi moja ya yuniti kwa pampu ndogo ya kawaida. Ukipandisha mchana, usiku maji yanashuka yenyewe na betri haijaguswa. Kuna watu waliowahi kuniuliza kama maji hayo yanaweza kushushwa usiku yazungushe jenereta ndogo yatoe umeme. Yanaweza, lakini hesabu ni chungu: lita 5,000 zikishuka mita 10 zina nishati ya yuniti 0.14 tu, kabla hujatoa upotevu wa mashine. Hazimalizi hata nusu ya kazi ya zile taa sita na taa ya nje. Ndiyo maana wanaohifadhi umeme kwa maji huenda milimani. Ingula, Afrika Kusini, iliyokamilika 2017, ina mabwawa mawili yaliyopishana kwa zaidi ya mita 400 za kimo. Maji hupandishwa umeme unapokuwa mwingi na hushushwa unapohitajika, mitambo minne ikitoa hadi megawati 1,332. Nyumbani, simtanki liache liwe akiba ya maji.

Baridi nayo huwekwa akiba. Jaza chupa za plastiki maji, acha nafasi kidogo juu, uzigandishe mchana. Friji iliyojaa chupa za barafu huweza kuzimwa kwa saa kadhaa usiku bila maziwa kuharibika, mradi mlango haufunguliwi ovyo. Hii si mbinu ya wasio na uwezo. Shirika la Afya Duniani limeidhinisha friji za chanjo zinazounganishwa moja kwa moja na paneli, zisizo na betri, ambazo huhifadhi baridi kwenye barafu au vifuko maalumu ndani ya kuta zake. Zilibuniwa kwa sababu kwenye friji za sola za zamani betri ndiyo iliyokuwa ikifa kwanza, na chanjo zikafuata. Kamati ya zahanati inayopanga sola iulizie friji za aina hiyo kabla ya kuongeza betri.

Wenye duka la vinywaji wanaweza kufanya hivyo hivyo: kipooza kifanye kazi kwa nguvu zote mchana, jioni kipunguzwe. Mwenye kinu asage mchana.

Gridi ya taifa nayo ina usiku wake

Jambo hili hili linawaumiza vichwa wahandisi wa gridi. Shamba la upepo la Ziwa Turkana, kaunti ya Marsabit, lina mitambo 365 yenye uwezo wa megawati 310. Upepo wa kule huvuma sana usiku wa manane, wakati Wakenya wengi wamelala. Na visima vya mvuke vya Olkaria navyo havifai kuwashwa na kuzimwa kila mara. Kwa hiyo kuna saa ambazo mitambo ya upepo huamriwa ipunguze umeme, ilhali jioni, saa moja hadi saa nne, kila tone linatafutwa. Hatua moja ya Kenya ilikuwa kama ile ya kuhamisha pasi: kuanzia Desemba 2017 viwanda na biashara kubwa vilipewa nafuu ya bei kwa umeme wa usiku, ili kazi ifuate umeme ulipo.

Tanzania ina mlango mwingine. Bwawa la Mtera lilijengwa litunze maji ya Ruaha Mkuu kwa ajili ya mitambo ya Kidatu iliyo chini yake, na sasa lipo Bwawa la Julius Nyerere kwenye Rufiji, lenye mitambo 9 na uwezo wa megawati 2,115. Jua likiwaka Shinyanga au Singida, maji yanaweza kubaki bwawani. Jua likizama, yafunguliwe. Kwa maoni yangu, hiyo ndiyo akiba ya kwanza kuitumia kabla ya kukopa fedha za betri kubwa, ingawa ukame huibana na mto una watu na mashamba yanayoutegemea.

Betri kubwa za gridi zina kazi yake, na zinatufundisha jambo moja la nyumbani. Ile ya Hornsdale, Australia Kusini, ilipoanza 2017 ilikuwa na namba mbili: megawati 100, na megawati-saa 129. Ya kwanza inasema inaweza kusukuma umeme kwa nguvu kiasi gani kwa mara moja. Ya pili inasema ina akiba kiasi gani. Ukiisukuma kwa nguvu zote inakwisha kwa saa moja na robo hivi. Sehemu kubwa ya faida yake imekuwa kutuliza gridi kwa muda mfupi sana mtambo mwingine unapoanguka. Betri yako nayo ina namba hizo mbili, na wauzaji wengi hutaja moja. Inveta ya wati 3,000 haikuambii lolote kuhusu taa zako zitafika saa ngapi. Na betri yenye yuniti nyingi inaweza kushindwa kuwasha pampu kwa sababu haiwezi kutoa ampea nyingi kwa mpigo. Uliza zote mbili, tena uzisome mwenyewe kwenye kibandiko.

Betri ipi kwa usiku upi

Yuniti za betri hupatikana kwa kuzidisha volti kwa ampea-saa, kisha kugawa kwa 1,000. Betri ya volti 12 inayoitwa N100, yaani ya ampea-saa 100, ina yuniti 1.2. Hizo ni za kwenye karatasi. Betri ya risasi na asidi, iwe ya maji, iwe kavu, iwe ya jeli, haitakiwi kushushwa kila usiku zaidi ya nusu, kwa hiyo unazo 0.6 tu. Betri ya lithiamu ya aina ya LiFePO4, yenye chuma na fosfeti, inaruhusu asilimia 80 na zaidi. Ya volti 12.8 na ampea-saa 100 inakupa kama yuniti 1.0 kila usiku.

Rudi kwenye nyumba yetu ya Dodoma na ile 1.85. Kwa lithiamu, gawa kwa 0.8 upate 2.3: betri moja ya volti 25.6 na ampea-saa 100, yenye yuniti 2.56, inatosha. Kwa risasi, gawa kwa 0.5 upate 3.7: N100 tatu zinakaribia, lakini mfumo wa volti 24 unazitaka kwa jozi, hivyo ni nne, au N200 mbili.

Ya risasi ni nafuu siku ya kununua. Usilinganishe hivyo. Linganisha bei ya kila yuniti itakayopita ndani ya betri hadi ife. Betri ya risasi inayoshushwa nusu kila usiku hutarajiwa kufikisha mizunguko 500, iliyo bora hufika 1,000 hivi. LiFePO4 yenye ubora hupita 3,000. Tuseme, kwa mfano tu, N100 inauzwa shilingi 400,000: yuniti 0.6 mara mizunguko 500 ni yuniti 300, kila moja kama shilingi 1,300. Lithiamu ya ukubwa huo tuseme 900,000: yuniti 1.0 mara 3,000 ni yuniti 3,000, kila moja shilingi 300. Weka bei za dukani kwako ufanye hesabu hiyo hiyo. Kwa anayetumia betri kila usiku, msimamo wangu ni lithiamu, hata ikibidi kuanza na ndogo. Aina hii haina kobalti, yale madini ya Kolwezi, Kongo, yanayoingia kwenye betri nyingi za magari, na ni ngumu zaidi kushika moto kuliko ndugu zake.

Lakini mwenye LUKU anayekatikiwa mara moja moja hafikishi mizunguko hiyo. Betri yake inakaa imejaa ikisubiri, na itazeeka kwa miaka badala ya matumizi. Huyo anaweza kununua ya risasi iliyofungwa, akaitunza, na pesa yake ikawa salama. Wala asikimbilie kukata LUKU. Gridi inayokufikia ni akiba kubwa kuliko yoyote utakayoimudu. Tumia betri kuziba mapengo yake.

Betri ya gari, hata ikiwa mpya, usiitie kwenye sola. Sahani zake ni nyembamba, zimetengenezwa kutoa ampea nyingi kwa sekunde chache za kuwasha injini, si kunyonywa polepole usiku kucha. Inakufa mapema mno.

Siku ya wingu usiijibu kwa kuongeza betri mara tatu. Ijibu kwa kuwa na orodha ya pili ya usiku: taa, simu na intaneti, ambavyo kwa nyumba yetu ni nusu yuniti hivi. Feni ipumzike, friji iishi kwa barafu. Betri ile ile iliyokuwa ya usiku mmoja inatosha usiku tatu.

Paneli huja mwisho. Nyumba hii inahitaji kurudisha yuniti 1.85 za usiku pamoja na zinazopotea wakati wa kuchaji, kidogo kwa lithiamu na karibu moja ya tano kwa risasi, na kama 0.8 za mchana. Tuseme 2.8 kwa lithiamu. Chukua saa za jua kali za mwezi mbaya, si za mwaka mzima: masika ukiwa pwani, Julai ukiwa Nairobi. Kwa saa 4, na robo ikipotea kwa joto, vumbi na waya, kila kilowati ya paneli itakupa yuniti 3. Kilowati moja inatosha. Paneli 2 za wati 550 zinakupa nafasi ya kupumua. Na hapa ndipo linapoonekana kosa linaloua betri nyingi za risasi vijijini. Umeme ukipungua, mwenye mfumo huongeza betri kwenye paneli zile zile. Sasa zote hazijai, zinakaa nusu siku baada ya siku, salfeti inaganda kwenye sahani, na baada ya miezi zimekufa zote. Betri ya risasi inataka kuchajiwa kwa ampea zisizopungua sehemu moja ya kumi ya ampea-saa zake. N200 inataka ampea 20. Paneli zako zikishindwa hapo, ongeza paneli.

Dukani, kabla ya kulipa

Inyanyue. N100 ya kweli ina uzito wa kilo 25 hadi 30 na zaidi kidogo, kwa sababu ndani kuna risasi nyingi. Ikiwa nyepesi ya kushangaza, sahani ni chache. Tafuta tarehe ya kutengenezwa. Betri ya risasi iliyokaa rafuni mwaka mzima bila kuchajiwa imeanza kuzeeka kabla hujaifikisha nyumbani. Soma pia ampea-saa zimepimwa kwa saa ngapi: betri ile ile huonekana kubwa ikipimwa kwa saa 100 na ndogo ikipimwa kwa saa 20. Linganisha za kipimo kimoja.

Lithiamu huwezi kuijua kwa uzito peke yake, na zipo zenye seli zilizokwisha kutumika zikavikwa ganda jipya. Mwombe muuzaji muandikiane kwamba utaipima ndani ya siku saba. Kipimo ni rahisi. Ichaji hadi ijae kabisa, unganisha taa au feni za jumla ya wati 100 kupitia inveta, andika saa ya kuanza, iache hadi ijizime yenyewe. Ya volti 12.8 na ampea-saa 100 inapaswa kwenda kama saa 11. Ikizimika saa ya 6, umeuziwa nusu ya betri. Ya risasi usiimalize. Ikiwa ni N100, iwekee mzigo wa wati 60 kwa saa 10 bila inveta, izime, ipumzishe saa kadhaa, kisha pima volti. Nzima itasoma 12.1 hadi 12.2.

Na uulize ampea inazoweza kutoa. Lithiamu nyingi za ampea-saa 100 zinaruhusu ampea 100, lakini zipo zinazoruhusu 50 tu, na saketi yake ya ulinzi itakata kila kompresa ya friji inapojaribu kuwaka. Mota huvuta mara kadhaa ya wati zake inapoanza. Inveta nayo iwe ya wimbi safi. Zile za wimbi la ngazi hupasha joto mota za friji na kuzifupishia maisha.

Ukutani

Betri haipendi joto. Ya risasi hupoteza karibu nusu ya umri wake kwa kila nyuzi 10 juu ya 25, kwa hiyo kuiweka chini ya bati la Dar es Salaam ni kuitupa taratibu. Iweke chini, kivulini, ukuta usiopigwa na jua la alasiri, hewa ikipita. Ya maji isikae kwenye chumba cha kulala wala karibu na jiko la mkaa, maana ikichajiwa hutoa hidrojeni, gesi inayolipuka. Mwezi hadi mwezi fungua vifuniko, maji yakiwa yamepungua ongeza maji ya betri yaliyosafishwa, kamwe si asidi, kamwe si ya kisima. Vaa miwani. Asidi ikikurukia, mwagia maji mengi papo hapo.

Fyuzi iwe karibu kabisa na ncha chanya ya betri. Wati 1,000 kwenye volti 12 ni zaidi ya ampea 80. Waya mwembamba utachemka, na umeme ulioulipia utaishia kuwa joto. Kuanzia kilowati moja, panda volti 24, na nyumba kubwa volti 48. Usichanganye betri mpya na kuukuu. Zikiwa sambamba, toa chanya kwenye betri ya kwanza na hasi kwenye ya mwisho, nyaya za katikati ziwe na urefu sawa, ili zote zifanye kazi sawa.

Ukitoa betri ya risasi na kuweka lithiamu, badilisha mpangilio kwenye kidhibiti chaji siku hiyo hiyo, na uzime kabisa ule mchajo wa kusawazisha, ambao hupandisha volti kupita kiasi. Volti za lithiamu ya volti 12.8 hubaki karibu pale pale sehemu kubwa ya usiku, kisha huporomoka ghafla, kwa hiyo usizitumie kukisia kilichobaki. Weka mita inayohesabu ampea zinazoingia na kutoka.

Kama nyumba ina umeme wa gridi, lazima kuwe na chenjiova, swichi inayohakikisha inveta na gridi havikutani kamwe. Bila hiyo, umeme wako unaweza kurudi kwenye nguzo na kumuua fundi aliyepanda kurekebisha laini akidhani haina moto. Tumia fundi mwenye leseni, ya EWURA kwa Tanzania na ya EPRA kwa Kenya, na mwombe akuchoree mchoro wa mfumo, ubandikwe kando ya inveta.

Betri ikifa

Risasi iliyomo ndani ni sumu, hasa kwa watoto. Katika mtaa wa Owino Uhuru, Mombasa, wakazi walipata sumu hiyo kutoka kwenye kiwanda jirani kilichoyeyusha betri kuukuu. Mwanaharakati Phyllis Omido akaongoza madai yao, na 2020 Mahakama ya Mazingira na Ardhi ikaamuru walipwe fidia ya shilingi za Kenya bilioni 1.3, kesi ambayo baadaye ilipanda hadi Mahakama ya Juu. Watu walikuwa wamekwisha kuugua na kufa.

Kwa hiyo betri yako ya risasi usiipasue, usimwage asidi yake uani, na usimpe kijana wa vyuma chakavu atakayeivunja kwa nyundo barabarani apate risasi peke yake. Ibebe nzima, ikiwa imesimama, na vifuniko vyake. Duka la betri lenye utaratibu wa kupokea chakavu litaipima kwa kilo na kukupunguzia bei ya mpya. Ya lithiamu bado haina wanunuzi wengi huku kwetu. Irudishe kwa aliyekuuzia, na sharti hilo liandikwe kwenye risiti siku unayoinunua.